Bi Mkasi Hana Neno Zuri

Tuelewane tangu mwanzo: mimi sikuwahi kuomba kazi ya kuandika barua za mtu. Mimi ni mchora mabango. Ukiona ukutani pameandikwa HAPA TUNANYOA, na herufi zimesimama wima bila kulewa, ujue huo ni mkono wangu. Mtaani wananiita Bango, na jina hilo nimelikubali kwa sababu sikuulizwa. Kosa langu lilikuwa moja tu, kupanga chumba kwa Bi Mkasi.

Bi Mkasi ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, kaptula za kaki na sketi za marinda, na kwa sare hana mpinzani. Ukimwuliza mwenyewe, atakwambia jina la Mkasi limetokana na kazi. Ukiwauliza majirani, watageuka kwanza kuhakikisha hayupo, halafu watakwambia limetokana na mdomo. Bi Mkasi hana neno zuri. Akikusalimia tu, unajishika vifungo kuona kama umevifunga vyote. Siku niliyohamia alinitazama nikiingiza ndoo zangu za rangi na mkeka, akasema, "Mtu mzima mwenye ndevu, huna hata kitanda?" Hiyo ndiyo karibu niliyokaribishwa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mdogo wake wa mwisho, fundi umeme, ambaye mtaa mzima ulimwita Fyuzi kwa sababu alikuwa haishi kuwaka. Wakati nahamia, Fyuzi alikuwa gerezani. Hadithi ya kufungwa kwake ni fupi. Uchochoro wetu ulikuwa gizani miaka na miaka, watu wa umeme wakiahidi na kuahidi. Fyuzi akachoka kungoja. Akapanda nguzo ya barabara kuu, akashuka na waya, na jioni ile ile nyumba zote zikawaka. Hakuna aliyeuliza waya umetoka wapi. Mwenye duka la barafu alijiunga wa kwanza kabisa: friji mbili, feni na pasi.

Siku wakaguzi walipokuja kuukata ule waya, mtaa wote ulitoka nje kushangaa. Lo, kumbe umeme wenyewe ulikuwa wa wizi! Mwenye barafu alishangaa kuliko wote. Alishangaa mpaka mahakamani, alikoitwa kuwa shahidi, akaeleza kwa uchungu jinsi alivyodanganywa. Umeme tulikula wote, miaka mitano akala Fyuzi peke yake.

Barua yake ya kwanza kutoka ndani ilikuwa mistari michache. Alisema asitembelewe, kwa sababu hataki kuonekana na yale mavazi, na akitembelewa atakataa kutoka. Alisema asiandikiwe. "Nihesabuni nimekufa," akamalizia. Bi Mkasi aliisoma amesimama, akaikunja, akaketi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu mpaka nikadhani mashine itaondoka na yeye.

"Bango! Unajua kuandika, au unajua kuchora tu?"

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye marinda. Nikachukua karatasi na kalamu, nikakaa juu ya kigoda.

"Andika: Umekufa? Vizuri. Godoro lako nimelichukua, maiti halali kwenye godoro. Chumba chako nimempa mchora mabango, mtu mzima asiye na kitanda. Anakoroma mpaka mabati yanaitikia, na mlango hajui kuufunga."

"Mama, ule mlango unakwama wenyewe. Umevimba chini."

"Umeandika?"

"Naandika, lakini mlango—"

"Andika, hajui kuufunga."

Nikaandika. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza mtaani kwetu kujitukana kwa mwandiko mzuri namna ile.

Jibu lilipokuja, karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili mpaka pembeni. Fyuzi amewaka. Nani kampa dada yake ruhusa ya kugusa godoro? Na katika watu wote duniani, amekosa mpangaji mpaka anamwingiza mchora mabango? "Mwambie huyo mpumbavu aunyanyue mlango kwanza, ndipo ausukume. Unyanyue, usukume. Hata mbuzi angekuwa ameshajua." Nilikwenda mlangoni kimyakimya, nikaunyanyua, nikausukuma. Ukafunga bila hata kulia. Sikumwambia mtu.

Bi Mkasi aliirudia ile barua mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka bila kumcheka mtu.

"Ameudhika," akasema. "Ameudhika kabisa, mshenzi yule. Mungu asante."

Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamwuliza kwa nini asimwandikie mwenzake maneno ya kumpa moyo, kama watu wengine wanavyofanya. Alisimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi hata kwa mteja anayelipa.

"Bango, huyu nimembeba mimi mgongoni wakati mama yetu akihangaika na vibarua. Namjua. Ukimwonea huruma analala chini, anajifunika, haamki tena. Ukimuudhi, asubuhi anafumbua macho anatafuta la kukujibu. Mimi nataka aamke. Nampenda, nifanyeje?" Kisha akanitazama kwa hasira kana kwamba mimi ndiye niliyemlazimisha kusema vile, na pedali ikaanza tena. "Haya, andika: Redio yako imekufa, na betri nimempa muuza karanga."

Tukaenda hivyo mwaka wa kwanza na wa pili. Bi Mkasi anashona na kutukana, mimi naandika, Fyuzi anajibu. Tulimwandikia kwamba timu yake imeshuka daraja na inastahili. Tulimwandikia kwamba yule binti wa genge la mboga ameolewa na fundi bomba, "fundi mwenye akili, asiyepanda nguzo". Wiki ile Fyuzi alijibu kurasa sita. Safari moja akaandika mwishoni, "Na huyo Bango bado anakoroma?" Sina haja ya kuficha, nilifurahi. Mimi sina ndugu wa kuniuliza kama nakoroma.

Mambo yakaharibika ilipoundwa Kamati.

Mwenye barafu, yule aliyeshangaa mpaka mahakamani, alikuwa ameanza kuliona jina lake kwenye karatasi za kura, na uchaguzi ulikuwa unakuja. Akatafuta jambo la huruma la kusimama nalo. Ndipo ikazaliwa Kamati ya Kuwatia Moyo Walio Kifungoni, yeye Mwenyekiti, wajumbe tisa, na fulana zilizoandikwa HATUWASAHAU kifuani na sura ya Mwenyekiti mgongoni. Herufi nilichora mimi, sura pia mimi, na niliambiwa nimpunguze kidevu. Sasa, kutoka mtaa wetu walio kifungoni walikuwa wangapi? Mmoja. Fyuzi. Kamati ya watu tisa, mfungwa mmoja, na kati ya hao tisa, saba walikuwa na swichi kwenye waya wake.

Kila mwezi walikwenda gerezani na sabuni, nyimbo na mpiga picha. Wakajitolea kubeba na barua, maana posta ilikuwa inakawia. Bahasha hazikufungwa, kwa kuwa gerezani barua husomwa kabla ya kumfikia mwenyewe. Bi Mkasi akanipa barua yetu nikaipeleka, na moyoni nikasema afadhali, tumeokoa stempu.

Katibu wa Kamati alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa watu mpole, anayezungumza kama anamlaza mtoto. Yeye ndiye aliyeisoma. Mwezi ule tulikuwa tumeandika hivi: "Nasikia umekonda. Bora. Suruali zako zilikuwa zinanimalizia kitambaa. Ukirudi umekonda hivyo hivyo nitakushonea kwa mabaki ya kaptula za watoto." Katibu aliweka mkono kifuani. Kamati ikaitisha kikao cha dharura kwenye duka la barafu. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba barua ile inavunja moyo, na kwamba haiwezi kupita mikononi mwa Kamati ya kutia moyo. Hawakuitupa. Waliipiga pasi kidogo, ndivyo walivyosema wenyewe baadaye. Pasi yenyewe ilitoka hivi, na Katibu aliinakili kwa mwandiko wake laini:

"Mpendwa mdogo wangu, natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi nimekusamehe yote. Chumba chako kipo, godoro lako lipo, na moyo wangu uko pamoja nawe usiku na mchana. Uwe na amani. Dada yako akupendaye daima."

Jamani. Mtu ana dada kama Bi Mkasi, halafu anapokea barua kama ile, tena kwa mwandiko mgeni. Unataka afikiri nini?

Mwezi ukapita bila jibu. Bi Mkasi akatamba uani, "Safari hii nimempata pabaya, anatafuta maneno." Mwezi wa pili nao ukapita kimya. Nikamwona siku moja amebandika mkono wa shati kinyume, halafu anafumua uzi polepole bila kumtukana mtu. Hapo nikaogopa.

Simu ilipigwa asubuhi, mimi nipo uani nasafisha brashi. Bi Mkasi aliiweka spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye cherehani.

"Halo. Hapo ni nyumbani kwa marehemu Bi Mkasi?"

"Kwa nani?"

"Marehemu Bi Mkasi. Mimi ni ofisa ustawi, napiga kutoka gerezani. Kwanza poleni sana na msiba."

Cherehani ikasimama.

"Huyo marehemu amekufa lini?" Bi Mkasi akauliza.

"Ndiyo tulitaka kujua, mama. Ndugu yake huku anasema mnamficha. Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Mimi ndiye marehemu!"

Yule ofisa akasema kwa upole, "Tafadhali mama, hili si jambo la utani."

Ilichukua muda wa kutosha na matusi ya kutosha mpaka ofisa akaamini kwamba anazungumza na mtu hai. Ndipo akaeleza. Fyuzi alipokea barua, akaisoma, akaikunja, akawaambia wenzake: "Dada yangu amekufa. Hawa wameandika kwa niaba yake ili nisijue." Tangu siku hiyo anakula vijiko viwili vitatu, anasukuma sahani. Hasemi. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Jina lake lilikuwa limepita kwenye wale wanaotolewa mapema kwa tabia njema. Kilichobaki ni kutia sahihi karatasi inayosema akitoka atakwenda kuishi wapi na nani atampokea. Amekataa. Anasema hana pa kwenda, pale palikuwa kwa dada.

"Karatasi zinapelekwa juu Ijumaa," ofisa akasema. "Asiposaini, atabaki mpaka amalize miaka yake yote. Na kwa hali niliyomwona nayo, mama, mimi sijui kama ataimaliza."

Bi Mkasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatoka na futi yake ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Nikamfuata mbio.

Kamati ilikuwa kikaoni, kila mjumbe na juisi yake ya baridi.

"Nani kaniua?" Bi Mkasi akauliza mlangoni.

Walitazamana. Katibu akajieleza kwa sauti ya kumlaza mtoto, kwamba lugha ilikuwa kali, kwamba nia ilikuwa njema, kwamba waliipiga pasi kidogo tu.

"Pasi mnazijua sana nyie," Bi Mkasi akasema. "Si ndizo mlizokuwa mnapiga kwa waya wa mdogo wangu? Mmekula umeme wake mkashiba, sasa mmekuja kunilia na matusi yangu! Ndiyo mali pekee ninayompelekea!"

Mwenyekiti akaikagua juisi yake kana kwamba imeingia nzi. Lakini kiongozi ni kiongozi. Akasema makosa hurekebishwa kwa utaratibu, na palepale akamwagiza Katibu aandike barua rasmi: "Tunapenda kukuhakikishia kwamba dada yako mpendwa ni mzima wa afya na anakusalimu kwa upendo mwingi. Usiwe na wasiwasi wowote." Wakapiga muhuri wa Kamati, wakatuma mjumbe na gari siku ileile.

Kesho yake ofisa akapiga tena, amekata tamaa. Fyuzi ameisoma barua, amegeuza uso ukutani, amesema, "Mnaona? Mpaka muhuri wamepiga."

Alhamisi tulipanda basi, mimi na Bi Mkasi. Safari ya nusu siku. Njia nzima nilimsikia akiyapanga matusi chini ya pumzi, anachagua moja, analitupa, anachukua kali zaidi. Abiria wa kiti cha mbele alihama. Nikasema moyoni, leo Fyuzi atapona.

Chumba cha wageni kilikuwa na nyavu mbili za chuma, sisi huku, wao kule, na katikati nafasi ya kupita askari. Kila mtu anapiga kelele ili asikike. Fyuzi alikuwa amekataa kutoka. Ofisa alikuwa amemwambia kuna mgeni kuhusu msiba, na hapo ndipo alipokubali. Akaletwa. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini nilimjua. Mrefu, macho ya dada yake, na shati limemning'inia kama limeanikwa.

Bi Mkasi akafungua mdomo.

Hapakutoka kitu. Nawaambia ukweli, yale maneno ya nusu siku yote yaliyeyuka. Alishika wavu kwa vidole, machozi yanateremka mpaka kwenye futi, na alipopata sauti, akasema taratibu, "Mdogo wangu. Mdogo wangu mpendwa."

Balaa! Nikauona uso wa Fyuzi. Alirudi hatua moja nyuma. Akamtazama askari, akamtazama yule mama aliaye, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa dada wa kuazima. Pembeni ofisa alikuwa amesimama na karatasi yake, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Niliukamata wavu nikapaza sauti kuliko wote mle ndani.

"Wewe Fyuzi! Mimi ndiye Bango! Fundi gani wewe? Waya zako zimejaa dari nzima, hakuna hata mmoja unaowasha taa! Mlango umekwama tangu enzi zako, umeshindwa hata kuuranda! Fundi wa bure kabisa!"

Bi Mkasi aligeuka. Machozi bado yapo usoni, lakini macho yalikuwa yale ninayoyajua.

"Ebo! Nani kakutuma umseme mdogo wangu? Wewe wa kumsema Fyuzi? Mtu mzima, ndevu mpaka hapa, kitanda huna! Yule alipanda nguzo, wewe ngazi tu unatetemeka! Umekuja na nauli yangu, umekula mahindi yangu njiani, halafu unamfokea mtoto wa watu mbele ya askari?" Alinipa vidonge vyangu vyote, chumba kizima kikanyamaza kusikiliza, hata waliokuja kuona watu wao. Na kwa kuwa moto ulikuwa umeshashika, akaugeuzia wavuni. "Na wewe! Hilo shati kakushonea nani? Bega limefika kwenye kiwiko! Ndivyo unavyotoka mbele za watu? Nimekufa, nimekufa, ulikuja kunizika? Hata chakula huli, nani kakwambia matanga yangu hayana chakula? Mjinga wa mwisho! Saini hiyo karatasi kabla sijauruka huu wavu!"

Fyuzi alikuwa ameushika wavu kwa mikono yote miwili. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

"Ni yeye," akamwambia ofisa. "Afande, ni yeye huyu. Lete kalamu."

Alisaini huku dada yake akimkosoa anavyoshika kalamu. Walipoanza kumrudisha ndani, aligeukia upande wangu.

"Bango! Na mlango?"

"Naunyanyua kwanza, ndipo nausukuma!"

"Haya," akasema. "Si unaona? Hata wewe umejua."

Kwenye basi la kurudi Bi Mkasi alikaa dirishani, akajifuta uso kwa ncha ya futi. Mimi nikaanza kusinzia. Halafu akanipiga kiwiko.

"Una karatasi?"

Ninayo siku zote, siku hizi.

"Andika: Mdogo wangu." Akakohoa. "Futa hilo. Andika: Wewe mjinga. Usithubutu kuingia nyumbani kwangu na lile shati, nitakuja kukupokea langoni na jingine. Godoro lako naliweka juani, limenuka rangi. Mpangaji nimempa notisi, ukifika chumba kitakuwa kitupu."

Nikainua kalamu. "Mama, mpangaji si ndiye mimi?"

"Ni wewe. Umeandika?"

Alikuwa anatazama nje, na sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haikuwa na ukali hata kidogo. Nikajua Fyuzi ataisoma barua hii akitafuta kwanza kama ni ya dada yake kweli. Kwa hiyo nikaandika yote kama alivyosema, notisi yangu na kila kitu, na mbele ya neno mpangaji nikaongeza mwenyewe, kwa herufi zilizosimama wima: yule mtu mzima asiye na kitanda.